Chai ya Zamu Yangu

Jumatatu, 9 Juni

Nimekosa mtihani wa takwimu. Leo, saa mbili asubuhi. Haukuahirishwa. Sikuugua, sikufiwa. Nililala.

Nilipofumbua macho jua lilikuwa limefika kwenye rafu ya vitabu. Jua hilo nalijua. Likifika kwenye rafu, watu wako kwenye foleni ya chakula na mitihani ya asubuhi imeshakusanywa. Nikaketi kitandani nikaitazama rafu. Sikukimbia. Kukimbia kwenda wapi.

Mdomo mchungu. Kichwa kizito kama gunia lililonyeshewa.

Miaka mitano niliamka gizani kuwahi lori la Mokambo, mpakani, kufuata bidhaa za sokoni. Kwa mvua, kwa baridi, kwa homa. Sikuwa na saa ya kengele. Dereva hakungoja mtu, na hakuwahi kuniacha. Mtu wa namna hiyo hachelewi asubuhi hata moja miaka yote hiyo, kisha akachelewa asubuhi ya takwimu. Swali hilo wangeniuliza ndani ya mtihani wenyewe ningelijibu kwa mstari mmoja: si bahati mbaya, kuna sababu.

Ngalula, ninayegawana naye kitanda, alirudi kutoka maktaba mchana. Aliponiona bado na nguo ya kulalia, vitabu vikamponyoka.

"Yaya! Haukuenda?" Ndivyo anavyoniita: yaya, dada mkubwa.

Akakaa sakafuni, akafunika uso. Nikadhani ananihurumia.

Nina hasira. Sijui ya nani.


Jumanne, 10 Juni

Nilifika kwenye ofisi ya fakilte, kitivo chetu, kabla mlinzi hajafungua. Katibu ni mzee mwenye abakosti, lile koti rasmi lisilovaliwa tai, ya kijivu, iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Akauliza nilikuwa na ugonjwa gani. Nikasema sikuwa na ugonjwa, nililala. Ningeweza kusema malaria. Kila mtu husema malaria. Lakini mimi uongo haunikai mdomoni. Hata sokoni niliuza kwa bei moja, ili nisihangaike kukumbuka nani nilimwambia nini.

"Sitwayene," akasema, kama raia yeyote wa kike anavyoitwa siku hizi, "usingizi haiko ugonjwa."

Kijana aliyekuwa nyuma yangu akadakia, "Iko talanta!" Foleni nzima ikacheka. Katibu naye akacheka, kidogo, kwa pua. Mimi nikangoja wamalize.

Walipomaliza akanieleza. Jumatatu ijayo, tarehe 16, saa nne asubuhi, walimu watakaa kuwasikiliza waliokosa mtihani. Mwenye sababu aje nayo. Mwenye shahidi aje na shahidi. Wakikubali, nitafanya mtihani na kundi la pili. Wakikataa, sifuri.

Kwa wengine sifuri ina dawa. Watarudia Septemba. Mimi nilipokelewa kwa masharti, kwa sababu baada ya sekondari nilikaa sokoni miaka minane. Masharti ni haya: nipite masomo yote katika mitihani ya Juni, nisipopita niondoke. Niliweka sahihi bila kusita. Hesabu haijawahi kunishinda, tangu utoto. Baba alikuwa akinituma kupima kitambaa cha wateja kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine.

Sifuri moja, basi. Nafunga vitabu, narudi kwenye samaki wakavu.

Hapana. Nitatafuta sababu.


Jumatano, 11 Juni

Baridi kali. Maji ya bomba yanauma meno.

Leo niliandika kila kitu nilichofanya Jumapili, kama mtu anayetafuta ufunguo. Nikaanza na chumba.

Chumba chetu kina vitanda viwili na meza moja. Tunakaa wanne. Homu nzima, bweni letu la wasichana, iko hivyo. Kitanda cha dirishani ni changu kwa karatasi, lakini Ngalula ni makizari wangu. Makizari ni mtu aliyekosa chumba, akajibanza kwa mwenzake, na uongozi wa homu ukimkuta unamtoa. Yuko mwaka wa kwanza, anasoma Kifaransa. Baba yake mwalimu, watu wa Kasai, watoto wengi, nyumba mbali. Alikuja Novemba na sanduku kichwani akasema, "Yaya, miye niko mwembamba." Nikacheka, nikampa nafasi.

Kumbe kitanda ni chembamba kumshinda. Na meza ni moja. Kwa hiyo tunafanya kama wengine: zamu. Mmoja mezani, mmoja kitandani. Kitambaa cha kichwa kinafungwa kwenye chuma cha kitanda, na mwenye kitambaa ndiye mwenye kulala. Anayetoka kitandani anampikia chai anayeingia. Hiyo ndiyo heshima yenyewe ya zamu. Chai hiyo haikataliwi. Kuikataa ni kumwambia mwenzako humwamini.

Shida ni kwamba macho hayalali kwa kuamriwa. Zamu yako imefika, lala. Na huku taa inawaka, mwenzako anakariri kwa sauti, korido inafanya mazoezi ya nyimbo za Chama. Utalala vipi? Ndipo vidonge vilipoingia. Vidonge vya usingizi. Hapa wanaviita mito. "Uko na muto?" "Unipe nusu." Vinauzwa kimoja kimoja, bila sanduku. Ukiuliza vinatoka wapi, kila mtu anaangalia dari. Nawaona wasichana wenye akili kuliko mimi: kidonge ili walale, kola ya kutafuna ili waamke, kidonge tena. Mikono yao inatetemeka wakishika kalamu. Ngalula ni mmoja wao. Nilimkemea Februari. Akasema ataacha. Nikaamini.

Mimi sijameza hata kimoja. Sababu si wema. Naogopa kitu chochote kinachoamua saa zangu.

Sasa, Jumapili. Nilitoka mezani jioni, zamu yangu ya kitanda. Ngalula akaniletea chai. Nikanywa.

Chai ilikuwa tamu mno.

Ngalula na sukari ninamjua. Sukari haipatikani mjini. Hii yetu inatoka Mokambo, ananiletea mdogo wangu Hamisi, na Ngalula hukifuta kijiko kwa kidole ili kisijae. Jumapili chai ilinata midomoni. Nilifikiri ni zawadi ya mtihani. Nilimshukuru.

Nilimshukuru!


Alhamisi, 12 Juni

Sikunywa chai ya zamu. Niliimwaga dirishani mbele ya macho yake.

Hakuuliza kwa nini.

Angeuliza ningefurahi.


Ijumaa, 13 Juni

Naandika taratibu.

Ngalula alikuwa na mtihani wa sarufi mchana, saa nane. Asubuhi ilikuwa zamu yake ya kitanda. Aliniambia, bila kunitazama, nimwamshe saa sita. Sisi hatusemi mengi tangu jana, lakini kuamshana ni kuamshana.

Saa sita nikamwita. Hakusikia. Nikamgusa bega, nikamtikisa. Kichwa kikafuata mkono wangu, kisha kikarudi mahali pake. Anapumua, ndiyo. Polepole. Kama mtu anayefikiria kila pumzi kabla ya kuivuta. Nikamwagia maji ya baridi usoni. Kope zikacheza, basi.

Nilichoona moyoni nakiandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Kwanza niliona: haya, sasa naye ajue. Pili nikaogopa. Kati ya la kwanza na la pili hapakuwa na muda mrefu. Lakini la kwanza lilikuwepo.

Tulimbeba kwa blanketi, mimi, wale wawili wa kitanda cha pili na mlinzi wa homu, kila mtu na pembe yake. Mlinzi analia njia nzima, "Mama yangu, huyu mutoto, mama yangu." Mzito, Ngalula yule mwembamba.

Muuguzi wa dispanseri hakupiga kelele. Akamlaza kwa ubavu, akamsikiliza, akamfungua jicho. Akaniuliza amemeza nini. Nikasema nadhani najua. "Usizani. Ulete kile kinabakia."

Nikarudi mbio. Chini ya godoro, godoro langu mimi, nikakuta kifurushi kidogo kimekunjwa kama tunavyokunja sukari sokoni. Ndani vidonge vyeupe, vimebaki vinne. Nilifungua vizuri ili nisivimwage, na karatasi ikanyooka mkononi.

Karatasi ya kaki. Juu yake mstari wa chaki ya bluu, umepinda kama mwezi mchanga.

Mstari huo ni shingo ya abakosti. Baba yangu ni fundi cherehani, mtaa wa Kamalondo. Shingo za abakosti anazichora yeye mwenyewe kwa mkono wa kushoto, hazifanani na za fundi mwingine. Karatasi zake zikichakaa tunafungia sukari kwenye meza ya biashara mbele ya nyumba. Meza niliyoianzisha mimi. Aliyebaki nayo ni Hamisi. Njia ya Mokambo niliyoifungua mimi. Anayesafiri sasa ni Hamisi.

Nilimpelekea muuguzi vidonge. Karatasi niliisokomeza ndani ya kitenge, kiunoni. Sikufikiri. Mkono wenyewe ulifanya.

Muuguzi akakigeuza kidonge kimoja kwenye mwanga. Akasema hiki si kile cha zamani. Kile kilitoka Ulaya, hiki kinatoka ng'ambo ya mpaka, rangi moja, ukubwa mmoja, nguvu mbalimbali. Watu wamezoea kukata nusu, wanaendelea kukata nusu, na nusu ya hiki inakishinda kile kizima. "Na huyu hakukata nusu," akasema.

Ngalula alifumbua macho saa kumi na moja jioni. Neno lake la kwanza:

"Zamu ya nani?"

Nikamwambia ni yake. Akalala tena, lakini sasa kwa usingizi ambao mtu akiguswa anaguna. Muuguzi akasema atapona. Nikarudi homu na karatasi kiunoni.

Mtihani wa sarufi ulipita. Naye ni wa Jumatatu saa nne. Sasa tuko wawili.


Jumamosi, 14 Juni

Salongo, siku ya kazi ya lazima ya usafi. Kampasi nzima imeshika ufagio, hata walimu wawili watatu, wakipigwa picha. Ngalula amesamehewa kwa cheti cha muuguzi. Alikaa ngazini, amejifunga blanketi langu, miguu peku. Mimi nikafagia hapo hapo alipo. Nilifagia sehemu moja mpaka ikang'aa.

Akasema mwenyewe. Sikumuuliza.

"Yaya, siku ya Mungu, Jumapili ile, nalitia nusu mu chai yako."

Nikaendelea kufagia.

"Siku tatu haukulala. Naliona mukono yako unatetemeka kama ya sisi. Nikasema: yaya alale bizuri, ataamuka na akili mupya. Naliongeza sukari juu usisikie buchungu." Akafuta pua na pembe ya blanketi langu. "Nalipima nusu, yaya. Nusu tu. Ile ya zamani, nusu ilikuwa inamaliza mbele ya saa kumi na moja ya asubui."

"Na asubuhi?"

"Nalienda ku biblioteki na mapema. Sikukuamusha. Weye unaamukaka peke yako, kila siku."

Kweli. Mimi huamka peke yangu, kila siku. Nilijisifia hivyo homu nzima.

Nilitaka kumpiga kwa ufagio. Nilitaka pia kumfunika miguu. Nikafanya la pili, kwa ukali, kama mtu anayefunga mzigo.

Nikamwambia ninachotaka. Jumatatu saa nne aingie pamoja nami, awaambie walimu alichotia kwenye chai. Shahidi wangu ni yeye, hakuna mwingine. Najua bei yake. Ni makizari, amekutwa na vidonge, watamtoa homu. Labda watamtoa na chuo.

Akasema sawa, atakuja. Hivyo hivyo, bila machozi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano, nikabaki na maneno yangu mdomoni.

"Lakini yaya, bakiuliza nalikamata muto kwa nani, nasema nini?"

Ananitazama. Anajua. Nikaitoa karatasi kiunoni nikaifungua kwenye ngazi, kati yetu.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka. Sisi bote tunajua, yaya. Anatupatiaka mu sukari. Weye tu njo haukujua."

Hilo liliuma kuliko chai.

"Ya chai nitasema," akasema. "Ile ni zambi yangu. Jina ya Hamisi sitaitaja. Ile ni ya kwenu."


Jumamosi, jioni

Nimelipima kila upande.

Ngalula akisema amenitilia kidonge na asiseme kimetoka wapi, hadithi ina shimo katikati. Katibu si mjinga. Atasema tumepanga, mlalaji na mlalaji mwenzake. Sifuri mbili.

Akitajwa Hamisi, vijana wa Chama wanakaa kwenye kikao hicho kama wanavyokaa kwenye kila kikao. Watakwenda Kamalondo mchana huo huo. Watachukua meza, sukari na Hamisi. Baba atasimama mlangoni na kipimo chake shingoni.

Nikikaa kimya mimi, narudi kwenye meza hiyo hiyo. Kwa Hamisi. Kumsaidia kufunga sukari.

Na wiki ijayo msichana mwingine atakata nusu.

Sina namba ya kuweka hapo. Nimejaribu.


Jumapili, 15 Juni

Nilikwenda Kamalondo kwa miguu. Nilitaka mwili uchoke kwanza, ili mdomo usiwe mkali.

Baba alikuwa uani na cherehani, amekasirika. "Zaina, umekuya bizuri. Uniulizie mudogo yako: nani alikata shingo yangu?" Koti limekamilika, mikono ipo, mifuko ipo, vifungo vipo, karatasi ya shingo haipo. Mteja ni mkubwa fulani wa mtaa wa Golf, kesho ana sherehe. "Nimupeleke koti bila shingo? Atavaa kama gunia?" Mama akacheka jikoni. Mimi nilikuwa na shingo hiyo kiunoni. Nilimwambia Baba nitaitafuta.

Hamisi alikuwa mezani mbele ya nyumba, anapanga sabuni. Miaka ishirini na mbili. Anapanga vizuri kuliko mimi, lazima niseme. Makopo yote yanaangalia barabara.

"Yaya! Ukamate kiti. Wakubwa ba univerisité banaketi."

Sikuketi. Niliweka karatasi juu ya sabuni.

Aliitazama. Hakujifanya hajui, namshukuru kwa hilo. Akaikunja, akaifungua tena.

"Juu ya hii njo umetembea yote ile?"

Nikamweleza. Chai. Mtihani. Ngalula kwenye blanketi. Nilimweleza taratibu, kama ninavyosoma hesabu ya mtu mwingine. Aliposikia Ngalula akaacha kucheza na karatasi. Lakini alipofungua mdomo, akasema:

"Miye nauzisha. Simumezeshe muntu. Weye njo ulinifundisha, yaya. 'Leta kile bantu banaomba, usilete kile weye unapenda.' Haina weye alisema?"

Ni mimi. Nilimfundisha hapo hapo, kwenye meza hiyo. Nilikuwa nasema habari ya sabuni.

"Ulijua ni vikali kuliko vya zamani?"

"Ule wa ng'ambo aliniambia ni kimoja."

"Ulimwamini?"

"Rangi moja, ukubwa moja. Ningejua namna gani?"

Nikamwambia: kwa kuuliza. Mama mmoja akaja kununua sukari, Hamisi akamfungia, akamrudishia chenji, akamtakia Jumapili njema. Mikono yake haikutetemeka. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila kejeli, kama alivyokuwa akizungumza utotoni akivunja kitu:

"Utanitaja?"

Hapo ndipo nilipomwambia. Kesho saa nne asubuhi niko ndani ya kikao, na Ngalula. Wakiniuliza vidonge vimetoka wapi, nitajibu. Sitasema malaria. Nataka jina hilo wasilisikie kwangu, walisikie kwake. Aje mwenyewe, na vilivyobaki mkononi, aseme alivileta, aseme havitafika tena. Mtu aliyekuja kwa miguu yake wanamsikiliza kwa sikio tofauti na mtu aliyeletwa. Labda watamwachia meza. Labda hapana. Siahidi nisichokuwa nacho.

"Na nisipokuya?"

"Ni jibu pia."

Akageuka kupanga makopo ambayo yalikuwa yamepangwa. Alisema, "Baba anangoja shingo yake." Akachukua ile karatasi, akainyoosha juu ya paja lake kwa kiganja, mara kadhaa, akaipeleka uani.

Nilimsikia Baba akipiga makofi. "Aaa! Hii hapa! Ilikuwa wapi?"

Sikusikia Hamisi alijibu nini.


Jumapili, jioni

Jua limeshuka nyuma ya bomba kubwa la kiwanda. Moshi unaelekea Kinsevere, kaskazini, maana yake kesho kutakuwa na baridi lakini kavu. Korido kimya. Wale wawili wa kitanda cha pili wamekwenda kusali, mmoja hajasali tangu Krismasi.

Nimefua blanketi. Nimepiga pasi sketi, kwa pasi ya makaa niliyoazima chini. Kalamu mbili, ruhusa ya kuingia, kadi ya Chama, vyote viko juu ya meza. Nimepitia takwimu tangu ukurasa wa kwanza. Ziko pale pale nilipoziacha. Wakinipa karatasi kesho mchana nitaijibu.

Ngalula amelala. Bila kidonge, mara ya kwanza tangu Pasaka, anasema yeye. Alipinduka na kugeuka muda mrefu, akahesabu kwa Kifaransa, akanung'unika, akalia kidogo, kisha akaacha kupambana. Amelala mdomo wazi. Mate yamelowesha mto wangu. Anakoroma kama mzee. Anaguna nikigusa meza.

Kitambaa kwenye chuma ni chake. Kilipaswa kuondoka zamani. Zamu yangu ya kitanda imefika na imepita. Simwamshi. Chai nimejipikia mwenyewe, bila sukari. Sukari iliyobaki nimeifunga kwenye kopo, sitaki kuiona kwa sasa.

Hasira bado ipo. Imekaa chini tu, imekunja miguu. Najua ya nani sasa, na imegawanyika sehemu tatu, na moja ni yangu, ya kujisifu kwamba naamka peke yangu. Kesho nitaibeba yote mpaka mlangoni, kisha tutaona inayobaki.

Ngalula ataingia. Ameniambia tena kabla hajalala, na safari hii alinitazama.

Amebaki mmoja.

Hamisi, sitakutumia mtu. Sitakungoja njiani, sitakutafuta stesheni ya malori, sitamwambia Baba akusukume. Mlango wa ofisi ya fakilte uko upande wa bendera, unaujua, ulinisindikiza siku ya kwanza ukabeba godoro langu kichwani. Katibu anaita majina saa nne kamili. Nataka neno moja, na nalitaka kabla hajafika kwenye jina langu.

Uko, au hauko?